Nafsi ya Mwenye Kuazimia: Nyimbo za Kuvukia Mwaka katika Kisumu

Makala haya yanashughulikia swali ambalo uhakiki wa nyimbo pendwa umelipita mbio: katika wimbo ambao watu huuchagua kuvukia mwaka, ni nani hasa anayeazimia? Mara nyingi mhakiki huanzia kwenye maudhui na kuishia papo hapo. Dhamira huorodheshwa, ujumbe hutajwa, kisha msanii husifiwa kwa kuielimisha jamii. Nafsineni huachwa kama jambo la sarufi tu. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba nafsi ndipo mahali ambapo nia ya mwaka mpya hujengwa au hubomoka, na kwamba nyimbo zilizopendwa katika mwambao wa Kisumu hazikuwa na azimio ndani yake. Azimio lilitiwa na hadhira, na hadhira hiyo ndiyo iliyolilipia.

Neno lenyewe lastahili kuangaliwa kwanza. Katika Kiswahili cha nusu ya pili ya karne ya 20, azimio lilikuwa jambo la kikao. Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Arusha mwishoni mwa Januari 1967, na Azimio la Arusha likatangazwa tarehe 5 Februari. Likafuatwa na matembezi, ngonjera na nyimbo za kwaya. Miaka 55 baadaye, upande wa Kenya, muungano wa vyama ulioingia katika uchaguzi wa 2022 ulijiita Azimio la Umoja. Mtu aliyekaa peke yake akaamua kuacha pombe hakuazimia kwa maana hiyo. Alitia nia, au alikula kiapo, au, ikiwa Mungu alihusishwa, aliweka nadhiri. Hata zile ahadi kumi za mwanachama wa TANU, zilizojengwa kwa nafsi ya kwanza umoja na wakati ujao, zilikaririwa mbele ya watu: 'mimi' wa ahadi zile ni mimi wa gwaride. Desturi ya kila mtu kujitungia maazimio yake ya Januari ilikuja baadaye, na ilipokuja ililikuta neno lina mwenyewe.

Wala mwaka wa Waswahili wenyewe haukudai ahadi kwa mtu. Huko Makunduchi, Unguja, ambako Mwaka Kogwa huadhimishwa mwezi Julai kwa kufuata kalenda ya jua ya Nairuzi, wanaume hupigana kwa migomba, kibanda huchomwa moto na wanawake huimba. Kitenzi kinachotawala ni kukoga. Mwaka huoshwa, ugomvi wa mwaka uliopita humalizwa kwa ugomvi wa mchezo, na yajayo huachwa yaje. Tofauti hii kati ya kuosha na kuahidi ni ya msingi, na itarejewa.

Kisumu haina kukoga mwaka. Ina kesha la kanisani usiku wa tarehe 31 Desemba, ina redio, na ina safari. Mamboleo, kaskazini ya mji, ni njia panda: barabara itokayo mjini kupitia Kondele huendelea hadi Kakamega, na nyingine huchepuka kuelekea Miwani, Chemelil na Muhoroni, nchi ya miwa. Desemba watu hushuka hapo na mizigo wakienda kwao. Januari hupanda tena, mizigo ikiwa imepungua. (Jina la mahali hapa humkumbusha msomaji wa vya kale gazeti la Mambo Leo, lililoanza kutolewa Tanganyika mwaka 1923, ulinganisho huo unavutia, lakini si wa makala haya.) Yafaa kukumbuka pia jinsi wimbo upendwao ulivyopendwa. Katika enzi ya Sauti ya Kenya na hata baada ya shirika hilo kurudishiwa jina la KBC, msikilizaji aliandika kadi ya salamu, akataja wimbo na majina ya jamaa waliopaswa kuusikia, na mtangazaji akayasoma yote hewani. Kupenda wimbo, kwa hiyo, hakukuwa siri ya moyo. Lilikuwa tendo la hadharani lenye mtumaji, wapokeaji na mashahidi. Mulokozi alipotoa rai mwaka 1989, katika jarida la Mulika, kwamba tanzu za fasihi simulizi ziainishwe kwa kuzingatia umbile la kazi pamoja na muktadha na namna ya uwasilishaji wake, pengine hakuwa na kadi za salamu akilini; hata hivyo hakuna mahali ambapo rai yake inathibitika vizuri zaidi. Wimbo uleule, ukitumwa tarehe 24 Desemba na ukitumwa tarehe 2 Januari, ni matendo mawili.

Mfano wa kwanza ni 'Lunch Time' wa Gabriel Omolo na bendi yake ya Apollo Komesha, uliovuma mapema katika miaka ya 1970. Hauutaji mwaka mpya hata kidogo. Unawahusu wafanyakazi wa mjini ambao saa ya chakula cha mchana, mfuko ukiwa mtupu, hujilaza kwenye nyasi badala ya kula, hadi mwezi unapokwisha na mshahara kupatikana. Wahakiki wameuona kama kejeli, na ni kejeli kweli, lakini ni kejeli isiyo na mshtakiwa. Nafsi yake ni ya tatu na wakati wake ni wa mazoea: mambo hurudi. Kalenda ya wimbo huu haipimwi kwa jua wala kwa mwezi mwandamo, bali kwa siku ya malipo. Ndiyo maana unastahili kuitwa wimbo wa Januari hata kama haukutungwa kwa ajili ya Januari. Katika Kenya, ambako mwaka wa shule kwa kawaida huanza mwezi huo na karo kudaiwa mara tu sikukuu zinapokwisha, watu wameubatiza mwezi 'Njaanuari', na mzaha huo una falsafa ileile ya Omolo. Hakuna anayeapa kuacha njaa. Mtu huingoja ipite, na kuimba pamoja na wengine kwamba inapita. Usomi unaoutafutia wimbo huu 'suluhisho' unauonea.

'Dunia Mbaya' wa Princess Jully, wa mwaka 1997, unaweza kupitiwa kwa haraka, maana mambo yake ni wazi. Ni wito wa tahadhari juu ya Ukimwi, ulioimbwa miaka miwili kabla ya serikali ya Kenya kuutangaza ugonjwa huo kuwa janga la taifa mnamo Novemba 1999. Kinachohusu hapa ni kwamba mzigo wa nia umehamishwa kwa msikilizaji: mwimbaji haapi, anaonya. Azimio, kama lipo, ni la yule anayecheza dansi huku akionywa. Kwamba alicheza si kinyume cha maana. Benga daima imekubali kuyabeba maombolezo kwa mwendo wa miguu.

Wimbo wa tatu ndio mgumu. 'Unbwogable' wa Gidi Gidi Maji Maji ulitoka mwaka 2002. Neno lenyewe lina shina la Kiluo, bwogo, lenye maana ya kutisha, lililofungwa kati ya viambishi viwili vya Kiingereza hadi likawa sifa ya mtu asiyetishika. Nyairo na Ogude, katika makala yao ya mwaka 2005, wameufafanua vizuri uhusiano wa wimbo huu na siasa za wakati ule. Jambo linalohitaji kuongezwa ni la utanzu. Kwa umbile lake, 'Unbwogable' ni jamaa wa pakruok, ile desturi ya Waluo ambapo muziki hukatizwa na mtu akajisifu na kuwasifu wa kwao mbele ya hadhira. Katika istilahi za Kiswahili ungeingia chini ya majigambo. Na majigambo hayana wakati ujao. Anayejigamba hasemi atakavyokuwa. Anasema alivyo, na majina makubwa anayoyataja ni ushahidi wake. Kumwambia mwenye majigambo atimize alichosema ni kumwuliza simba lini ataanza kuwa simba.

Hata hivyo ndivyo ilivyotokea. Muungano wa NARC uliuchukua wimbo katika kampeni. Uchaguzi ulifanyika tarehe 27 Desemba 2002 na Mwai Kibaki akaapishwa tarehe 30, siku moja kabla ya mkesha wa mwaka. Hivyo Kenya ilivuka kuingia 2003 ikiwa na neno hilo mdomoni, na Kisumu hasa, kwa kuwa neno lilikuwa la kwao. Katika kuvuka huko nafsi ilibadilika mara mbili. Ya kwanza, 'mimi' wa vijana wawili akawa 'sisi' wa Waluo. Ya pili, huyo 'sisi' akawa wa taifa zima, pamoja na wale ambao hawakujua maana ya shina la neno. Mabadiliko ya tatu yalikuwa ya wakati: hali ikageuzwa ahadi. Kilichokuwa majigambo kikapokewa kama azimio, kwa ile maana ya zamani, ya kikao, na sahihi za watu wengi zikatiwa chini yake bila mwandishi kuulizwa.

Ni kosa kusema, kama inavyosemwa wakati mwingine, kwamba wanasiasa waliuteka wimbo huu. Mateka hana uwezo. Wimbo huu ulikuwa nao. Uliwapa wapiga kura nafsi ya wingi ambayo katiba ya wakati ule haikuwapa, na kwa miezi kadhaa nafsi hiyo ilikuwa halisi. Lakini utanzu wa majigambo hauna nafasi ya kushtakiwa. Makubaliano ya viongozi yalipovunjika, ilani ya chama ingeweza kunukuliwa dhidi yao. Wimbo usingeweza, kwa kuwa haukuwa umeahidi lolote.

Kisha ukaja mwaka mpya mwingine. Jioni ya tarehe 30 Desemba 2007 Kibaki aliapishwa tena, baada ya uchaguzi uliobishaniwa, na Kisumu iliingia 2008 kwa moto na risasi. Tume ya Waki ilihesabu vifo 1,133 nchini kote, na katika Kisumu ilibaini kwamba wengi wa waliouawa walipigwa risasi. Kwa mhakiki, wakati huu unauliza swali zito juu ya neno 'unbwogable'. Mtu aliyelala chini amepigwa risasi Kondele hakuwa ametishika. Majigambo yalikuwa ya kweli, na hayakumkinga. Hapa ndipo desturi ya Makunduchi inaporudi akilini: pale ugomvi wa mwaka huoshwa kwa migomba, na kila mtu huenda kwake kula. Kisumu haikuwa na ibada ya namna hiyo ya kuufunga mwaka wa 2007, na wimbo uliokuwapo haukuwa wa kuosha.

Wimbo wa mwisho si wa Kisumu wala wa Kiswahili. Ni 'Jamaica Farewell', uliofahamika duniani kwa sauti ya Harry Belafonte katika albamu yake ya 1956, na ambao Raila Odinga alijulikana kwa kuupenda na kuuimba hadharani. Raila alifariki tarehe 15 Oktoba 2025 nchini India. Siku chache baadaye mwili wake uliletwa katika Uwanja wa Jomo Kenyatta, Mamboleo, ili watu wamwage. Wimbo huo ukaimbwa tena na tena katika siku za maombolezo. Ndani yake nafsineni ni msafiri: yeye ndiye anayeondoka kwa chombo, na huzuni ni yake. Miaka yote mpenzi wa wimbo alipouimba, aliimba kwa nafsi hiyo, na hadhira ikacheka kwa kuwa msafiri alikuwa bado jukwaani. Waombolezaji walipouimba, maneno hayakubadilika hata moja, ila aliyeyatamka alikuwa yule aliyeachwa ufukoni. Desemba ya mwaka huo watu walishuka tena Mamboleo na mizigo yao, karibu na uwanja uleule, na wimbo waliokuwa nao wa kuvukia kuingia 2026 ulikuwa wa mtu mwingine anayeaga.