Breki za Nyuma za Hilux: Marekebisho Kabla ya Nguvu

Katika pikapu ya Toyota Hilux ya kizazi cha tano yenye kuendeshwa kwa magurudumu manne, ambayo ilitengenezwa tangu 1988 hadi 1997 na bado inabeba magunia, maji na abiria katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki, magurudumu ya mbele husimamishwa kwa diski na ya nyuma kwa ngoma. Ngoma, au dramu kama mafundi wengi wanavyoiita, ni bakuli la chuma lenye kipenyo cha ndani cha milimita 295 linalozunguka pamoja na gurudumu, na ndani yake vimo viatu viwili vyenye umbo la nusu duara, vilivyobandikwa lainingi, ambavyo husukumwa nje na silinda ndogo ya mafuta hadi vikabane ukuta wa ngoma. Dereva anapolalamika kwamba breki za nyuma hazishiki, gereji nyingi hukimbilia kubadilisha silinda hiyo kwa kubwa zaidi. Uchambuzi huu unaonyesha kwamba hatua hiyo, ingawa ina mantiki yake, mara nyingi hutibu ugonjwa ambao gari halina.

Nguvu ya breki ya ngoma haitoki kwenye mafuta peke yake. Kiatu ambacho ncha yake inayosukumwa na silinda hutangulia katika mwelekeo wa mzunguko huvutwa na ngoma yenyewe na kuzidi kujikaza, ilhali kiatu cha pili hurudishwa nyuma na mzunguko huohuo. Ndiyo maana cha kwanza hufanya kazi kubwa zaidi na lainingi yake huisha mapema. Msaada huo wa ngoma hupatikana pale tu ambapo lainingi inagusa ukuta kwa upana wake wote na pengo kati yake na ngoma ni dogo. Kwa Hilux, kipenyo cha viatu vikiwa vimetulia kinapaswa kuwa pungufu ya kipenyo cha ngoma kwa takriban milimita 0.6, yaani milimita 0.3 kila upande.

Pengo hilo likipanuka, hasara yake inaweza kupigiwa hesabu. Ikichukuliwa silinda ya gurudumu yenye kipenyo cha milimita 22.22, na kila pistoni kati ya nne za magurudumu mawili ya nyuma ikalazimika kusafiri milimita moja zaidi, mafuta ya ziada yanayohitajika ni takriban mililita 1.55. Masta silinda, yaani pampu kuu iliyo mbele ya pedali, ikiwa na kipenyo cha milimita 23.81, pistoni yake inayolisha nyuma itasogea milimita 3.5 zaidi, na kwa pedali inayozidisha mwendo mara nne, mguu wa dereva utazama karibu milimita 14 kabla breki ya nyuma haijaanza kushika. Dereva huhisi pedali laini na kuiita breki dhaifu, hali hakuna kilichodhoofika isipokuwa marekebisho.

Chanzo cha pengo kupanuka ndicho kinachostahili kuchunguzwa kwa makini zaidi kuliko yote, kwa sababu Hilux ina kirekebishi kinachojiendesha, nacho hakiendeshwi na pedali bali na hendibreki. Kila hendibreki inapovutwa, mkono mdogo ndani ya ngoma husukuma gurudumu la meno lililo kwenye upau unaotenganisha viatu, na pengo likiwa limezidi kiasi, gurudumu hilo huruka jino moja na kuurefusha upau. Dereva asiyevuta hendibreki, akaliegesha gari kwa gia peke yake, hulinyima gari marekebisho kwa miezi. Zaidi ya hapo, waya wa hendibreki hauingii moja kwa moja ndani ya ngoma, bali huvuta kiwiko cha chuma kilichofungwa nje, nyuma ya bamba linaloshikilia viatu, mahali panaporushiwa tope na vumbi na kila tairi inayozunguka. Kiwiko hicho hushika kutu na kuganda. Kikiganda, hendibreki hufa, na kirekebishi nacho hufa bila dalili.

Kosa linalofuata ni la kawaida mno na linaumiza. Fundi akikuta hendibreki inapanda juu, hukaza waya. Waya uliokazwa hukivuta kiwiko kutoka mahali pake pa kupumzikia, mkono wa ndani ukabaki umeinuka nusu, na tangu hapo haurudi nyuma kiasi cha kulikamata jino jipya. Hendibreki hupona kwa wiki chache na pengo la viatu huendelea kupanuka. Utaratibu sahihi huanzia mwisho wa pili: waya hulegezwa kabisa, viwiko vya pande zote mbili hufunguliwa, husuguliwa kutu na kupakwa grisi, kisha skrubu ya kikomo hurekebishwa ili kiwiko kipumzike kikiwa na uwazi mdogo usiofika milimita moja, viatu hurekebishwa kwa gurudumu la meno, ngoma hurudishwa, hendibreki huvutwa mara nyingi hadi mlio wa meno ukome, na hapo ndipo waya unapokazwa.

Ngoma yenyewe huweza kukerezwa ili kuondoa mitaro na uviringo uliopotoka, lakini kikomo chake ni milimita 297, na lainingi iliyobaki na unene wa milimita 1 hutupwa. Ngoma iliyokerezwa inapofungiwa viatu vipya, kipenyo cha mkunjo wa viatu huwa kidogo kuliko cha ngoma, hivyo lainingi hugusa katikati tu hadi itakapolika ikapata umbo. Vumbi la ndani lisipulizwe kwa upepo wa kompresa, kwa kuwa lainingi za zamani zilitengenezwa kwa asbesto. Lifutwe kwa kitambaa kilicholowa.

Baada ya hayo yote kukamilika, ndipo swali la silinda kubwa lina maana. Nguvu hukua kwa mraba wa kipenyo: kutoka milimita 20.64 hadi 22.22, kila kiatu husukumwa kwa nguvu zaidi kwa asilimia 16 kwa shinikizo lilelile, lakini mafuta yanayotumika nayo huongezeka kwa asilimia hiyohiyo, hivyo pedali hushuka zaidi, na pengo lililoachwa bila kurekebishwa huwa ghali kuliko mwanzo.

Kuna kifaa kingine ambacho wengi hukisahau. Juu ya ekseli ya nyuma, kwenye chesisi, imefungwa vali inayogawa shinikizo kulingana na mzigo, ikiunganishwa na ekseli kwa fimbo ndefu ya chuma. Gari likipakiwa, chesisi hushuka, fimbo huisukuma vali, na breki za nyuma hupewa shinikizo zaidi. Likiwa tupu, shinikizo hupunguzwa, kwa kuwa sehemu ya nyuma ni nyepesi na hupoteza uzito zaidi gari linapofunga breki. Mwenye gari anayeongeza majani ya springi ili abebe zaidi huiinua chesisi, na vali ikaamini kwamba gari ni tupu hata likiwa na tani moja. Hapo breki za nyuma hudhoofika kweli, lakini silinda haihusiki. Kishikizo cha fimbo kwenye ekseli kinapaswa kuinuliwa kwa kadiri chesisi ilivyopanda, na kwa kuwa springi ngumu hushuka kidogo kwa mzigo uleule, usahihi kamili hupatikana kwa kupima shinikizo la mbele na la nyuma kwa geji. Kuing'oa vali na kuunganisha bomba moja kwa moja ni hatari isiyokubalika: pikapu tupu kwenye lami yenye mvua itafunga magurudumu ya nyuma kwanza, na mkia utatangulia.

Jaribio la mwisho hufanywa mahali peupe pasipo magari mengine, kwa mwendo mdogo, kwanza gari likiwa tupu kisha likiwa na mzigo. Kwa Hilux isiyo na mfumo wa kuzuia magurudumu kujifunga, magurudumu ya mbele yanapaswa kufunga kabla ya ya nyuma katika hali zote mbili. Ya nyuma yakitangulia gari likiwa tupu, silinda kubwa itolewe na ile ya awali irudishwe, hata kama dereva anaipenda pedali jinsi ilivyo.