Wimbi Lipite Juu: Jinsi Mashua ya Barnegat Ilivyoundwa

Ghuba ya Barnegat, pwani ya New Jersey nchini Marekani, ni ndefu, nyembamba na ya maji haba. Wastani wa kina chake ni kama mita 1.5 tu. Maji hujaa na kupwa humo kwa kimo kidogo, lakini pale ambapo chini ni tope na maji hayafiki magotini, sentimita chache ndizo zinazoamua kama chombo kitaelea au kitapwelewa. Msimu wa vuli na wa baridi, bata weusi na bata bukini wadogo waitwao brant hushukia kwenye vinamasi vya nyasi pembezoni mwa ghuba. Mwindaji anayewafuata hana budi kupenya kwenye vijito ambavyo saa chache baadaye vitabaki tope tupu.

Chombo chenye mkuku mrefu hakimfai. Kikipanda fungu kinakwama, na maji yakizidi kupwa kinalala ubavu. Chini bapa inahitaji maji kidogo, inakaa wima juu ya tope, na mtu mmoja anaweza kuiburura kuvuka ukingo wa nyasi. Kwa hilo hakuna ubishi. Ubishi unaanza upepo unapoamka.

Wengi hudhani maji haba ni maji salama. Upepo ukivuma kwa urefu wa ghuba huinua mawimbi mafupi, yaliyosimama, yanayofuatana bila kukupa nafasi ya kuvuta pumzi. Huwa mabaya zaidi maji yanapotoka kuelekea mlango wa bahari huku upepo ukiingia kutoka baharini. Mkondo unaokwenda kinyume na wimbi hulipunguzia mwendo. Idadi ya mawimbi yanayopita kwa dakika haibadiliki, kwa hiyo umbali kati ya kilele na kilele hupungua, na nguvu iliyokuwa imetandazwa kwenye wimbi refu husongamana kwenye wimbi fupi. Linanyanyuka, linasimama wima, linavunjika. Kabla maji hayajageuka, njia hiyo hiyo ilipitika kwa upepo huo huo.

Sasa weka chini bapa kwenye maji ya namna hiyo. Uso mpana wa mbao hukutana na wimbi wote kwa mara moja, badala ya kuliingia kidogo kidogo kama ifanyavyo omo iliyochongoka. Ndiyo maana chombo hupiga kofi majini, na kila kofi hula mwendo, hurusha maji na kulegeza viungo. Kasoro ya pili ni kubwa kuliko hiyo, ingawa haina kelele. Upana na ubapa hukipa chombo uimara mwingi kwenye maji tulivu, lakini uimara huo hasa ni tabia ya kung'ang'ania kulala sambamba na uso wa maji. Uso ukiinama, chombo kinainama nao. Wimbi kali likija ubavuni, ukingo wa demani unashuka hadi majini, maji yanaingia, na yakishaingia kwenye sakafu bapa hayatulii. Yanakimbilia upande ule ule ulioinama na kuuzidishia uzito. Mtu hapati hata muda wa kufua maji.

Mwaka 1836 hivi, Hazelton Seaman, muundaji wa mashua na mwindaji wa kijiji cha West Creek, alijiundia chombo ambacho kilienea baadaye kwa jina la snikiboksi, maana yake sanduku la kunyemelea. Naamini ubora wa chombo hiki umetafutwa mahali pasipo pake. Wanaokisifu huanza na sehemu ya chini. Kweli, chini yake si bapa kama ubao wa meza. Ina mbinuko mdogo mithili ya mgongo wa kijiko, na mbinuko huo hupunguza kofi. Lakini Seaman hakujaribu kuunda chini itakayoshinda wimbi. Kupwa na kujaa kulimlazimisha abaki na chini pana isiyohitaji maji mengi, naye akakubali. Vita na wimbi akavipeleka juu, kwenye sitaha.

Chukua vijiko viwili, kimoja ukifunike juu ya mwenzake. Hilo ndilo umbo la snikiboksi. Urefu wake wa kawaida ni kama futi 12, upana futi 4, na mbao zake ni za mwerezi mweupe, mti mwepesi usiooza upesi. Omo yake haina ncha ya kukata maji. Mbao za chini zinapanda mbele taratibu mpaka zinakutana na za sitaha. Wimbi dogo likija, omo inalipanda kwa kuteleza. Likija kali kuliko uwezo wa omo kupanda, linapita juu ya chombo, na hapo ndipo werevu wa fundi unapoonekana: sitaha ina mgongo katikati na haina ukuta wowote pembeni, kwa hiyo maji yanateremka kulia na kushoto na kurudi yalikotoka. Hayana mahali pa kukaa.

Tundu la mtu kukaa ni dogo, limezungushiwa kizingiti cha mbao, na mbele yake husimamishwa turubai kama pazia la kugawa maji. Tundu lenyewe lina kifuniko chake. Na wimbi la ubavuni je? Ukingo wa sitaha ukizama hakuna kinachoingia, na uwazi uliofungwa chini yake unausukuma urudi juu. Mwindaji naye analala sakafuni, uzito wake ukiwa chini kabisa. Kile kile kinachomficha machoni pa ndege ndicho kinachokizuia chombo kupinduka.

Hakuna kitu humo kinachofanya kazi moja tu. Vishikizo vya makasia vinakunjwa vilale juu ya sitaha, visionekane na visinase kamba. Nyuma kuna uzio mdogo wa kubeba bata wa bandia waliochongwa kwa mbao. Sitaha hufunikwa nyasi za kinamasi, na kwa mbali chombo chote ni kichuguu kimojawapo cha ukingoni. Kuna ubao wa kupachika unaopenya hadi majini ili chombo kiweze kubisha kikitweka tanga. Umewekwa kando kidogo ya mstari wa katikati ili mtu apate pa kulala, na unachomolewa maji yakipungua.

Ushahidi unaonishawishi kuliko sifa za wawindaji ni safari ya Nathaniel Bishop. Mwishoni mwa 1875 aliondoka Pittsburgh ndani ya snikiboksi iliyoundwa Manahawkin, kijiji kilicho karibu na ghuba ile ile. Akashuka mto Ohio, kisha Mississippi, akaambaa pwani ya Ghuba ya Mexico hadi Florida. Kitabu chake cha 1879 kinahesabu maili 2,600, zaidi ya kilomita 4,000. Chombo kilichobuniwa kwa ajili ya maji ya magotini kilikuwa pia nyumba yake ya kulala njiani.

Kina mipaka yake. Kinabeba mtu mmoja kwa raha. Ukikifunga injini na kukikimbiza dhidi ya mawimbi mafupi, kofi linarudi, kwa sababu mbinuko ule ulipimwa kwa mwendo wa kasia na tanga.

Ninachosikitikia ni kilichofuata. Mashua za alumini za chini bapa zilipoenea katika karne ya 20, zilirithi nusu ya dawa. Chini bapa ilibaki, sitaha ikatupwa. Omo ni ya mraba, katikati ni wazi kama beseni, na ubao wa tezi ni mfupi ili injini ifike majini. Kisha injini, mafuta, betri na dereva vyote vinakaa nyuma, mahali penye ukuta mfupi kuliko pote. Mwindaji anasimama kuokota bata wake wa bandia, tezi ikigeukia upepo, wimbi moja linaingia, na la pili linakuta chombo kizito. Katika maji ya baridi kali, na mtu amevaa buti za kufika kifuani, muda wa kujiokoa ni mfupi mno.

Mwenye mashua ya aina hiyo apeleke mzigo mbele, atie nanga kwa omo na kamwe si kwa tezi, alikabili wimbi kimshazari kwa mwendo mdogo, na ajue saa maji yatakapogeuka kabla hajang'oa nanga. Lakini hizo ni juhudi za kufidia kitu kilichoondolewa. Baadhi ya waundaji wamekirudisha. Wanafinyanga snikiboksi za faiba, chini pana, omo ya kijiko, sitaha yenye mgongo, tundu dogo lenye kizingiti na pazia la turubai mbele yake.