Mzigo Uko kwa Nani Pesa Inapoingia

Muuzaji wa Songea anayetafuta mnunuzi wa kahawa ya Mbinga kwa njia ya mtandao huambiwa kwanza amchunguze mtu huyo: tovuti yake, usajili wa kampuni, picha za ofisi. Ushauri huo ni mzuri ila hautoshi, maana vyote hivyo hughushiwa. Kinga ya kweli iko kwenye mpangilio wa mauzo, yaani mzigo uko mikononi mwa nani saa ambayo pesa inaingia. Ushahidi tunao hapa hapa Ruvuma. Katika stakabadhi ghalani, mfumo uliotungiwa sheria mwaka 2005, ufuta au mbaazi za mkulima hupitia chama cha msingi cha ushirika, AMCOS, na kuingia ghala lenye leseni, kisha huuzwa kwa mnada wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania, TMX. Mnunuzi huenda hajawahi kukanyaga Songea wala hakuna anayemjua. Akishinda mnada hulipa benki kwanza, ndipo apewe kibali cha kutoa mzigo. Asipolipa, magunia bado yako ghalani.

Korosho za msimu wa 2018/19 zilionyesha nguvu ya kanuni hiyo na gharama yake pia. Januari 2019 serikali, iliyokuwa imenunua korosho za wakulima wa kusini, Tunduru ikiwemo, iliingia mkataba wa kuuza tani 100,000 kwa kampuni ya Kenya kwa takriban shilingi bilioni 418. Malipo hayakuja, na miezi michache baadaye mkataba ukavunjwa. Korosho hazikupotea, kwa kuwa hazikuwa zimekabidhiwa. Kilichopotea ni muda, na korosho ikikaa ghalani hushuka ubora. Hasara hiyo nayo ihesabiwe.

Mzigo ukivuka bahari, kazi ya ghala hufanywa na hati ya shehena. Kwa kawaida meli hutoa nakala halisi tatu, na mwenye kuwasilisha moja ndiye hukabidhiwa kontena, kwa hiyo hati hizo zisimfikie mnunuzi kabla ya malipo. Zipitie benki. Chini ya dhamana ya malipo ambayo wasafirishaji huiita LC, benki hufuata kanuni za UCP 600, zinazotumika tangu Julai 2007: hukagua karatasi, si magunia, ndani ya siku 5 za kazi za kibenki. Hapo ndipo mtego hutegwa. Sharti likidai cheti cha ukaguzi kilichosainiwa na wakala wa mnunuzi, mnunuzi anaweza kuzuia malipo kwa kutosaini tu. Sharti hilo likataliwe kabla kahawa haijapakiwa. Kwa ndege hali ni tofauti kabisa. Hati ya shehena ya ndege haibebi umiliki, na shirika humkabidhi mzigo yeyote aliyeandikwa kuwa mpokeaji. Basi iandikwe benki ya mnunuzi, kwa ridhaa ya benki hiyo.

Atasema mtu kwamba LC ni ghali mno kwa anayeuza kilo 30 za kahawa iliyokaangwa. Ni kweli. Huyo apokee pesa yote kabla ya kutuma kifurushi, na aihesabu pale tu benki yake itakapothibitisha kuwa imeingia kwenye akaunti. Karatasi ya SWIFT, ya kuonyesha kuwa benki imetuma pesa, inayotumwa kwa WhatsApp, yenye nembo na mihuri, hutengenezwa kwa dakika chache. Malipo ya kadi nayo hayajatulia siku yanapoonekana: mara nyingi mwenye kadi ana hadi siku 120 za kuyapinga, na kadi ikiwa ya wizi, muuzaji ndiye hunyang'anywa. Mnunuzi akilipa zaidi ya ankara kisha akaomba ziada itumwe kwa "msafirishaji wake", biashara isimame hapo hapo, kwa sababu malipo yale yatarudishwa na ziada itakuwa imetoka mfukoni mwa muuzaji.

Pingamizi zito zaidi ni la mnunuzi mwaminifu: naye anaogopa kulipa yote kwa mtu asiyemjua, na ana haki. Wengi hukubaliana asilimia 30 kabla ya kupakia na iliyobaki kabla ya kuachiwa hati halisi. Lakini kiwango hicho kisichukuliwe kwa mazoea. Malipo ya awali yanapaswa kutosha nauli ya kwenda na ya kurudi, tozo za bandarini mnunuzi akitoweka, na punguzo la bei atakalodai mnunuzi wa pili akijua kontena limekwama Hamburg.