Ukwaju usubiri zamu yake

Anayeujua mseto, ule wali wa choroko na nazi, ameshafika nusu ya njia ya kuielewa bisi bele bath. Ni chakula cha Karnataka, kusini mwa India: mchele na mbaazi za kupaaza hupikwa mpaka vikashikana, vikatiwa mboga, ukwaju, sukari guru na viungo vilivyokaangwa na kusagwa, kisha vikamiminiwa samli ya moto. Kinatakiwa kiteleze kwenye kijiko. Ukiona punje zimesimama mojamoja, hapo umepika kitu kingine.

Kampala ina Wahindi tangu enzi za reli, ila wengi wa wale ambao Idi Amin aliwafukuza mwaka 1972 walikuwa na asili ya Gujarat na Punjab. Ndiyo maana jikoni mwa mji huu chapati na sambusa ni wenyeji wa siku nyingi, na vyakula vya kusini bado vinaonekana vya wageni. Anayekipika hiki kwa mara ya kwanza hudhani ugumu uko kwenye viungo, akazunguka maduka ya Kihindi kutafuta marathi moggu, yale macho ya maua yaliyokaushwa ya miti jamii ya msufi. Akiyakosa, anakata tamaa. Kwa maoni yangu anahangaikia kisicho na uzito. Chungu hiki huharibikia kwenye mpangilio, hasa pale ukwaju unapoingia kabla ya wakati.

Nilimtazama jirani yangu wa Bukoto, mwenyeji wa Mysore, akikipika kwenye sigiri. Mbaazi alizitanguliza peke yake kwenye sufuria ya presha, na maji, manjano na tone la mafuta. Ukwaju, kiasi cha ndimu moja, ulikuwa umelowekwa pembeni kwenye bakuli. Nilipomuuliza kwa nini asitie vyote kwa pamoja tuokoe makaa, alitoa mbaazi moja, akaibana kati ya kidole gumba na cha shahada, ikapondeka bila kubaki kiini. “Kaka, ikifika hapa ndipo ukwaju unaruhusiwa,” alisema.

Sababu iko ndani ya punje. Seli za mbaazi zimeshikanishwa na pektini, na kulainika kwa mbaazi maana yake ni pektini hiyo kuyeyuka katika maji ya moto. Tindikali ya ukwaju huizuia isiyeyuke. Ukiutia mapema unaweza kuchochea mpaka makaa yaishe, mbaazi zikabaki na kiini kigumu. Magadi hufanya kinyume chake: huivunja pektini haraka. Wapishi wa Acholi na Lango wanalijua hili vizuri, kwani kunde na mbaazi huzilainisha kwa maji ya chumvi yaliyochujwa kwenye majivu. Kwa bisi bele bath mimi nisingetia magadi, maana yakizidi kidogo chungu kinanuka sabuni, na presha inatosha.

Na kwa Kampala presha si anasa. Mji uko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na hapo maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Nyuzi 4 zinazopungua zinaonekana kidogo, lakini mbaazi kavu inazihisi: chungu kinachokamilika kwa saa moja Mombasa kitakuchelewesha Kampala. Sufuria ya presha hupandisha joto hadi karibu nyuzi 118. Tatizo la sigiri ni kwamba moto haupunguzwi kwa kitasa. Jirani yangu, filimbi ilipolia mara ya kwanza, alifunga kimlango cha hewa chini ya sigiri, makaa yakatulia.

Mchele nao una siasa zake. Sokoni Nakasero mchele wa “super” ndio wenye heshima na bei, kwa harufu yake na punje zake ndefu. Hapa heshima hiyo haina kazi. Mchele mfupi unaoshikana, kama kaiso, ambao mwenye kupika pilau huupita bila kuugeuzia shingo, hutoa wanga mwingi na ndio unaounganisha chungu. Kikombe 1 cha mchele, robo 3 ya kikombe cha mbaazi, na maji vikombe 6 au 7 kwa jumla. Usiogope maji hayo.

Mbaazi zenyewe hazina haja ya kutoka Mumbai. Kaskazini mwa Uganda huitwa lapena na hupikwa na simsim ya kusaga, na Afrika Mashariki kwa jumla huwauzia Wahindi mbaazi kwa wingi. Ukwaju nao ni wa hapahapa: Wateso huutia kwenye atapa, ugali wao. Nyanya chungu, zile Waganda waziitazo ntula, zinakaa vizuri pahala pa biringanya, pamoja na karoti na maharage mabichi.

Kwenye viungo, angalia zaidi zamu ya kukaanga kuliko orodha. Dengu na choroko nyeusi za kupaaza huanza, kwa kuwa ni nene na huchelewa kuiva. Giligilani, mdalasini na karafuu hufuata. Uwatu ni chembe chache tu, maana ukiungua unatia uchungu usiofichika. Pilipili kavu hukaangwa peke yake, nazi kavu mwisho. Saga baada ya kupoa. Unga wa pakiti utakupa rangi, lakini harufu nyingi imeshapotelea rafuni.

Mbaazi zikishapondeka, changanya na wali uliokwisha kuiva, mboga, maji ya ukwaju, sukari guru kidogo na unga wa viungo, chemsha dakika 10 hivi. Kisha samli: haradali ipasuke, korosho zigeuke rangi, majani ya kari na mvuje (hing) viingie sekunde za mwisho, mimina vyote juu.

Kikikaa mezani kitaganda, kwa sababu wanga huendelea kunywa maji hata moto ukizimwa. Kiepue kikiwa chepesi kuliko unavyotaka kukila, na birika la maji ya moto liwe karibu. Maji baridi hukiacha na mabonge.