Wimbo Uliotoa Ushahidi: "Kijiti" na Suala la Dhima ya Muziki katika Uhakiki

Katika maandishi mengi ya uhakiki wa fasihi ya Kiswahili, sura inayohusu nyimbo huanza na kumalizika kwa orodha ileile: wimbo huburudisha, wimbo huelimisha, wimbo huiunganisha jamii, wimbo huhifadhi mila. Orodha hii imezoeleka mno hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza huikariri kabla hajausikiliza wimbo wowote kwa makini. Si ya uongo. Ila yaweza kubandikwa juu ya wimbo wowote ule, uwe wa kubembelezea mtoto au wa kutwangia nafaka, na kila mara ikaonekana kufaa. Kwa sababu hiyo haimsaidii mhakiki kueleza ni kwa nini watu fulani, mahali fulani, waliuhitaji wimbo huu na si ule. Makala haya yanakusudia kulitazama suala hilo kupitia wimbo mmoja wa taarab ya Unguja, nao ni "Kijiti" wa Siti binti Saad.

Taarab, kama ijulikanavyo, iliingia Unguja kwa mlango wa kasri. Sultani Barghash, aliyetawala tangu 1870 hadi 1888, ndiye anayetajwa kuwa aliuleta muziki wa Misri, na hata kilipoundwa chama cha Ikhwani Safaa mwaka 1905, lugha ya uimbaji ilikuwa Kiarabu. Siti alizaliwa Fumba mnamo 1880, baba Mnyamwezi na mama Mzigua, katika jamaa iliyoonja utumwa. Akachuuza vyungu kabla ya kuhamia mjini mnamo 1911. Mwaka 1928 yeye na wenzake walikwenda Bombay kurekodi santuri za Kiswahili. Shaaban Robert aliandika wasifu wake, na humo alimtukuza kama kielelezo cha bidii, subira na utu. Heshima hiyo Siti anaistahili. Lakini msomaji aweza kutoka katika wasifu ule akidhani kuwa sauti ya Siti ilikuwa dawa ya kuwatuliza watu tu, na "Kijiti" hauiruhusu dhana hiyo.

Kisa cha wimbo kinajulikana, na mwanahistoria Laura Fair amekieleza katika kitabu chake cha mwaka 2001 kuhusu starehe na siasa za Unguja. Mwanamke mgeni, aliyekuwa mja mzito, alifika Unguja kutoka Dar es Salaam. Akachukuliwa kwenda ngomani na mtu aitwaye Kijiti, akarudishwa maiti. Muuaji alivuka bahari akakimbilia bara. Kesi ilipofika katika mahakama ya himaya ya Waingereza, waliobaki kizimbani walikuwa mashahidi, yaani waliofuatana na marehemu usiku ule. Nao wakahukumiwa kwa sababu ya ulevi uliopelekwa kwenye starehe hiyo. Aliyeua hakuadhibiwa, na waliokuja kusema walichokiona ndio walioadhibiwa.

Mhakiki aliyezoea kuhesabu atasema kuwa vipande vya wimbo huu ni vya mizani minane, kwamba una vina vya kati na vya mwisho, na kwamba lugha yake ni nyepesi. Yote hayo ni kweli, na yote yanamwacha mlangoni. Jambo la kuangaliwa kwanza ni kuwa wimbo huu hauna fumbo. Taarab imejengwa juu ya fumbo: mwanamke humwita mwenzake ua, ndege, chombo kilichokwenda mrama, na anayeimbwa hujijua mwenyewe. Fumbo lina kazi yake. Watu wanaogombana ni majirani, wanachota maji kisima kimoja, na kesho watakutana arusini. Fumbo huwawezesha kusemana bila kuvunjiana nyumba. Katika "Kijiti" mtuhumiwa anatajwa jina. Mashahidi wanatajwa. Chukwani, mahali pa ngoma, panatajwa. Hata jaji anaonyeshwa kitini mwake, amekasirika, akiwatolea mashahidi tusi la Kiingereza. Fumbo limewekwa kando kwa sababu hapakuwa tena na ujirani wa kuhifadhiwa. Muuaji amekimbia, mgeni amekufa, na waliobaki wamekwisha kuaibishwa hadharani kwa majina yao na serikali yenyewe. Kutumia fumbo hapo kungekuwa kumsitiri mtu asiyestahili sitara.

Sehemu moja tu ya wimbo inakaribia tamathali, nayo inatisha: tendo la kumvuta mgeni gizani limeitwa kwa jina la mchezo wa watoto wa kukimbizana. Msikilizaji anacheka nusu, halafu kipande kinachofuata kinamleta maiti. Ni vigumu kuona jinsi orodha ya "kuburudisha na kuelimisha" ingeweza kulieleza tendo hilo la kisanaa, maana burudani yenyewe ndiyo mtego.

Na tusi la jaji je? Limeachwa katika Kiingereza chake, katikati ya Kiswahili cha Ng'ambo, kama mwiba. Mtu asiyejua Kiingereza alielewa kuwa mashahidi wametukanwa, na alielewa pia kwamba wametukanwa kwa lugha ya wenye mahakama. Hapo wimbo unafanya kile ambacho faili la kesi halikukusudiwa kufanya: unaweka kumbukumbu ya mwenendo wa jaji mwenyewe. Mashahidi waliokataliwa kortini walipata kusikilizwa upya na watu wa mitaa yao, na kupitia santuri sauti ya Siti iliwafikia hata wasiofika Unguja kamwe.

Yafuata kwamba kauli ya "kuiunganisha jamii" haina budi kutumiwa kwa uangalifu zaidi. Wimbo huu uliwaunganisha baadhi ya watu dhidi ya wengine. Hali haikuwa tofauti Mombasa, ambako vyama vya wanawake vya lelemama, kama alivyoonyesha Margaret Strobel katika kitabu chake cha 1979, vilishindana kwa nyimbo na kwa mavazi, na nyimbo zao ziliweza kumfichua aliyekosa adabu mbele ya mji mzima. Mwanamke aliyenyimwa nafasi barazani alikuwa na nafasi ngomani, naye alijua kuitumia. Mtu aliyeimbwa usiku ule asingekubali kuambiwa kuwa ameunganishwa na yeyote.

Liko tatizo jingine ambalo idara za lugha haziwezi kulikwepa. Nyimbo hufika darasani zikiwa zimechapwa, beti juu ya beti, bila zumari, bila vicheko, bila yule anayeinuka katikati ya wimbo kwenda kumtunza mwimbaji huku akimtupia jicho hasimu wake. Kwa nyimbo za fumbo, hasara hiyo ni kubwa kuliko inavyodhaniwa, kwani pengine mwenye kutunza ndiye anayeupa wimbo shabaha yake ya usiku huo. Maneno ni yaleyale, lakini aliyelengwa jana siye wa leo. Mhakiki asiyejua nani aliinuka na nani alibaki kitini amesoma nusu ya matini.

"Kijiti" uliendelea kuimbwa baada ya Siti kufariki mwaka 1950. Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013, aliuimba kwa miaka mingi, Unguja na ng'ambo, na mara nyingi mbele ya wageni wasiojua Kiswahili, waliomshangilia kwa umri wake, ngoma yake na sauti yake iliyokwaruza. Walifurahi, na hakuna wa kuwalaumu. Walichokikosa ni mashtaka yaliyokuwa yakisomwa mbele yao, dhidi ya mtu anayetajwa kwa jina, na dhidi ya jaji aliyeketi kitini.