Kuchuma leo, kuchuma jana: kitenzi katika nchi ya majani chai

Chai ya Kericho na Bomet haina msimu mmoja wa mavuno. Mvua hunyesha karibu mwaka mzima, na kila kichaka hurudiwa baada ya wiki moja au mbili ili majani mawili na chipukizi lake yachumwe kabla hayajakomaa. Mahali penye kazi ya namna hiyo, kitenzi kuchuma hakipumziki. Mchumaji anachuma sasa, alichuma jana, amechuma tangu alfajiri, huchuma kila Jumatatu, atachuma mvua ikipungua, na angechuma zaidi kama mtoto hangeugua. Karani wa kituo cha kupimia majani akimuuliza mkulima "Umechuma ngapi?", hesabu ya siku bado iko wazi. Mkulima yuleyule akilalamika mwisho wa mwezi kwamba "Nilichuma zaidi ya hizi", hesabu imekwisha kufungwa, na anachobishania ni risiti. Kati ya kauli hizo mbili kuna fedha, na tofauti yake imebebwa na silabi moja.

Nimekichagua kitenzi hiki kwa uchambuzi kwa sababu hakina ukaidi wowote. Hakidai ku- ya ziada kama -la na -ja katika "ninakula" na "ninakuja", wala hakibadiliki umbo kwa sababu zake chenyewe. Utata wowote utakaojitokeza ni wa mfumo wa sarufi. Na hoja yangu ni kwamba mfumo huo tumekuwa tukiufundisha kwa jedwali linalouficha. Jedwali la "nyakati na hali" ambalo kila mwanafunzi wa Kenya analijua, lenye -na-, -li-, -ta-, -me-, hu-, -ki-, -ka-, -nge- na -ngali- zikifuatana kama wanafunzi kwenye mstari, limechanganya majibu ya maswali matatu tofauti: tendo ni la lini, tendo limefikia wapi, na msemaji analichukulia kama jambo la hakika, la kutakiwa au la kuwaziwa tu. Mtoto aliyelelewa kwa lugha ya Kipsigis, ya wenyeji wa vilima hivi, huingia darasani akiwa tayari anayatenganisha maswali mawili ya kwanza kila anapofungua kinywa, ila hakuna anayemwambia kwamba ujuzi huo una kazi katika Kiswahili.

Ushahidi wa kwanza umo ndani ya Kiswahili chenyewe. Tukichukue kiambishi -me- na kukiweka chini ya kitenzi kuwa: nilikuwa nimechuma, nitakuwa nimechuma, ningekuwa nimechuma, ifikapo saa nne niwe nimechuma. Mbele, kuwa kinabadilika kutoka wakati uliopita hadi ujao, kutoka hakika hadi dhana, hadi matakwa. Nyuma, nimechuma haitikisiki. Kama -me- ingekuwa wakati, isingeweza kukaa kwa amani chini ya nyakati nyingine zote. Inachosema ni kwamba tendo limefika mwisho na matokeo yake yapo, iwe jana, iwe kesho, iwe katika fikra tu. Jaribio lilelile linapita kwa -ki-: nilikuwa nikichuma, nitakuwa nikichuma, ningekuwa nikichuma. Linapita pia kwa -ja- ya ukanushi: alikuwa hajachuma, atakuwa hajachuma. Lakini -li- inagoma. Hakuna asemaye "nitakuwa nilichuma", kwa sababu -li- ni wakati halisi, na nyakati mbili zinazopingana haziwezi kutawala tendo moja. Kuhusu -ta- naona mambo hayajanyooka vile, maana watu husema "alisema atachuma" wakitazama mbele kutokea zamani. Hata hivyo mstari mkuu unaonekana. Nayo -nge-, ambayo shuleni imetiwa katika kapu moja la "hali" pamoja na -me-, inajitokeza upande wa pili kabisa: katika "angekuwa amechuma" viambishi hivyo viwili vinahitajika kwa pamoja, kimoja kwa dhana, kingine kwa ukamilifu. Vitu vinavyofanya kazi pamoja katika kirai kimoja haviwezi kuwa vya aina moja.

Kuna -ka- pia, na hiyo inastahili kutazamwa kwa makini kuliko inavyofanyiwa kawaida. "Nilienda shambani, nikachuma, nikapima, nikarudi." Ondoa nilienda, na vitenzi vitatu vilivyobaki vinaelea, havijui ni lini. Wakati vimeuazima kwa kile cha kwanza. Kuiandika -ka- kwenye jedwali la nyakati ni kuipa mali isiyo yake.

Jedwali hili lilikujaje? Waliotangulia kuandika sarufi za Kiswahili kwa ajili ya wageni, Ludwig Krapf mwaka 1850 na Edward Steere mwaka 1870, walikuwa wamisionari waliosomeshwa kwa sarufi za Kilatini na Kigiriki, ambazo hupanga kitenzi kwa safu na nguzo. Sina ugomvi na kazi yao, iliyokuwa kubwa. Lakini hata lugha zilizozaliwa na Kilatini hazitoshei vizuri safu moja ya nyakati. Mwanafunzi wa Kihispania huanza na kitenzi kitiifu cha -ar kama cosechar, kuvuna. Papo hapo anakutana na maumbo mawili ya zamani, coseché na cosechaba. Yote mawili ni ya wakati uliopita. La kwanza hulitazama tendo kama kitu kizima kilichokatika, la pili hulitazama kutoka ndani, likiwa linaendelea au likirudiwa, karibu na nilikuwa nikivuna yetu. Anayeuliza "lini?" pekee hawezi kuchagua kati yake hata akikariri jedwali zima. Kisha anafika kwenye matakwa: cosecha, anavuna, inageuka kuwa coseche baada ya neno la kutaka, kama vile sisi tunavyosema "nataka achume". Ni sadfa tupu kwamba lugha mbili zisizo na ukoo zimeitumia vokali e mahali pamoja kwa kazi moja, lakini sadfa hiyo ina faida kwa mwalimu, kwa sababu inaonyesha kwamba dhamira ya msemaji inaweza kukaa mwishoni mwa kitenzi bila kugusa wakati. Kiswahili kina viishio vitatu tu vya kazi hii, na vinabeba mengi: -a ya kawaida, -e ya matakwa katika nichume na nisichume, na -i ya ukanushi katika sichumi, ambayo huikanusha ninachuma na huchuma kwa umbo moja bila kubagua.

Sasa tuje kwenye lugha ya wenyeji wa vilima hivi. Kipsigis ni tawi la Kikalenjin, la Kiniloti, lisilo na undugu na Kiswahili. Taaitta Toweett, Mkipsigis aliyekuwa waziri wa elimu katika miaka ya 1970, alichapisha mwaka 1979 kitabu kizima juu ya isimu ya Kikalenjin, jambo ambalo mawaziri wachache wa elimu popote wameweza kulifanya kwa lugha ya mama zao. Katika lugha hii zamani hazikuachwa kuwa moja. Kiambishi ka- ni cha tendo la leo, ko- ni cha jana au siku za karibu, na ki- ni cha kale zaidi. Kwa kitenzi cham, penda, ambacho Wakenya wengi wanakijua kutokana na achamin, "nakupenda", tunapata ka-a-cham, ko-a-cham na ki-a-cham: nilipenda leo, nilipenda jana, nilipenda zamani. (Nimeweka vistari ili viungo vionekane; mdomoni vokali hukutana, na toni, ambayo maandishi ya kawaida hayaionyeshi, ina kazi yake.) Tazama mpangilio: wakati unatangulia, mtenda anafuata, kinyume cha ni-li-penda yetu. Nafsi ya tatu haina kiambishi chochote. Na ki- hiyohiyo yaweza kuwa "sisi", kama katika kichamin, "tunakupenda"; nafasi na toni ndizo huzuia mkanganyiko.

Lililo muhimu kwa hoja hii liko mwishoni mwa neno. Tendo linaloendelea au la kawaida hupata kiishio -e: achame, ninapenda. Wakati mbele, hali nyuma. Kila kimoja na chumba chake, kwa hiyo ki- ya kale na -e ya kuendelea zinaweza kukaa katika neno moja bila kusukumana. Kiswahili kimezipa -li-, -ta-, -me-, -na- na -nge- chumba kimoja kati ya kiambishi cha nafsi na mzizi. Hiyo ndiyo sababu, kwa maoni yangu, ya kuwepo kwa maumbo ya maneno mawili kama nilikuwa nimechuma: tunapotaka kujibu maswali mawili kwa pamoja, inatubidi tuite kuwa kije kishike la kwanza. Jedwali halisemi hivyo. Humpa mwanafunzi "wakati uliopita hali timilifu" kama safu nyingine ya kukariri, ilhali ni maswali mawili yaliyojibiwa kwa zamu.

Pingamizi la kwanza dhidi ya kuliacha jedwali hili litakuwa la mtihani, na ni zito kwa sababu mustakabali wa mtoto umo humo. Lakini maswali ya sarufi ya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari nchini Kenya, yamekuwa yakiwataka watahiniwa wageuze sentensi iwe katika "wakati ujao hali timilifu" au "wakati uliopita hali ya kuendelea". Istilahi hiyo tayari imetenganisha wakati na hali. Anayejua kwamba kuwa hushika wakati na -me- hushika ukamilifu ataliunda jibu hata kama hajawahi kuliona. Aliyekariri safu atalisahau chumbani mwa mtihani. Kilichobaki ni kuitoa -nge- na -ngali- katika kapu la hali na kuzipa jina la dhamira, ili mtoto aelewe kwa nini angekuwa amechuma inawezekana.

Pingamizi la pili ni la haki zaidi: shule za maeneo ya mashamba makubwa si za Wakipsigis peke yao. Tangu kampuni za Brooke Bond na James Finlay zilipoanza kupanda chai Kericho katika miaka ya 1920, wafanyakazi wamekuja kutoka Kisii, sehemu nyingine za Nyanza na nchi ya Waluhya, na watoto wao wanakaa madawati mamoja. Je, mwalimu awafundishe kwa mfano wa lugha ambayo nusu ya darasa haiijui? Lakini Dholuo, lugha ya Wajaluo, nacho hutenga jana na juzi kwa maneno mafupi yatanguliayo kitenzi, na Kigusii, Kibantu kama Kiswahili, kina zamani zaidi ya moja. Katika darasa kama hilo Kiswahili, chenye -li- moja ya leo asubuhi na ya enzi za mababu, ndicho kilicho tofauti na wenzake. Mwalimu akiuliza kila mtoto anasemaje "nilichuma leo" na "nilichuma jana" kwao, atapata majibu ya kutosha kujaza ubao.

Na hapo ndipo lipo kosa ambalo husahihishwa kwa haraka mno. Mtoto ambaye lugha yake inamlazimu kuitenga leo anapoingia kwenye Kiswahili hutafuta pa kuiweka, na -me- ndiyo iliyo karibu. Ataandika "Leo asubuhi nimeenda mtoni" pale ambapo mwalimu anatarajia nilienda. Kihispania cha Madrid kinafanya vivyo hivyo kwa kawaida: he cosechado kwa mavuno ya asubuhi hii, coseché kwa ya jana, na hakuna anayewaambia Wahispania kwamba hawajui lugha yao, ingawa katika sehemu kubwa ya Amerika ya Kilatini watu wangesema coseché kwa yote mawili. Kiswahili sanifu hakikuuchora mpaka wake kwenye machweo ya jua. Kiliuchora kwenye matokeo. Kwa hiyo kabla ya kalamu nyekundu, mwalimu aulize kama matokeo bado yapo. "Leo asubuhi nimechuma kilo kumi" ni sahihi kama majani hayajapimwa au siku haijafungwa. "Leo asubuhi nimeanguka mtaroni, nikainuka, nikaendelea" inataka nilianguka, kwa sababu -ka- mbili zinazofuata zimekwisha kulipeleka tukio katika masimulizi, na aliyeanguka yuko wima.