Kutoka Jikoni Hadi Wodini
Huko Houston, Marekani, jiko kuu la zamani la Chuo Kikuu cha Rice limekuwa karakana ya wanafunzi wa uhandisi tangu 2009. Pongezi zangu ziwaendee walezi wao, hasa Maria Oden na Rebecca Richards-Kortum. Hawa hawagawi maswali ambayo majibu yake yako nyuma ya kitabu. Waliwapa vijana tatizo la wodini: vichanga wanaoshindwa kupumua, na mashine ambazo hospitali nyingi za Afrika hazimudu bei yake.

Vijana wakaenda kutafuta pampu za matangi ya samaki! Katika kifaa walichounda, hewa ya pampu inaingia puani mwa mtoto, na ncha ya bomba inazamishwa kwenye chupa ya maji. Kadiri inavyozama, ndivyo mgandamizo unavyoongezeka, mapafu yasisinyae. Ni fizikia ya sekondari tu, jamani. Kazi kubwa ilikuwa kutokiacha kifaa mezani baada ya maksi kutolewa. Kilifika Blantyre, Malawi, kikajaribiwa Hospitali ya Queen Elizabeth, na leo kinaitwa Pumani. Mwalimu anayempeleka mwanafunzi wake akasahihishwe na muuguzi, huyo namvulia kofia.